Visanduku Kumi na Viwili

Mwaka nilipomaliza kidato cha sita niligundua kwamba mtu anaweza kucheka peke yake mbele ya kompyuta mpaka mteja akageuza njia. Mama mmoja alikuwa anavuka barabara kuja kwetu na bahasha mkononi. Akanisikia, akasimama, akarudi alikotoka. Baba alitoka mlangoni kumwita, lakini yule mama alikuwa ameshaongeza mwendo.

"Umemfukuza mteja," Baba aliniambia.

Niliendelea kucheka. Nilikuwa nimebonyeza visanduku sita, na kompyuta ilikuwa inapiga ngoma.

Nieleze kwanza tulifikaje hapo. Baba alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo pale Morogoro, idara ya michoro. Kabla shuka au kitambaa cha meza hakijafumwa, mchoro wake ulitengenezwa kwenye karatasi ya miraba midogo midogo. Mraba uliotiwa wino maana yake uzi upite juu, mraba mtupu maana yake upite chini. Kutia wino miraba, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Baba. Halafu mambo yakageuka, viwanda vya umma vikaanza kuuzwa, mitumba ikajaa sokoni, na watu wa idara ya michoro wakaambiwa asante kwa utumishi wenu. Wenzake walinunua mashine za kusaga, wengine wakapanda kabichi mlimani. Baba alichukua kiinua mgongo chake akaenda nacho Dar es Salaam, akarudi na kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya, printa na radio kaseti, vyote vimefungwa kwa blanketi kama wagonjwa. Akapanga chumba kimoja karibu na stendi, akaandika juu ya mlango kwa ule mwandiko wake wa mchoraji: TUNACHAPA.

Fotokopi hatukuwa nayo. Nalitaja hili kwa sababu karibu kila aliyepiga hodi aliuliza fotokopi, na Baba alimjibu kila mmoja kwa utulivu uleule, "Hatutoi." Wateja wetu wa kweli walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, waliokuja na tafiti zao zimeandikwa kwa mkono usiosomeka. Mimi nilikuwa nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, kwa hiyo nilichapa. Kulikuwa na kijana mmoja kutoka Bukoba aliyetafiti kupe wa mbuzi. Nilichapa habari za kupe mpaka nikaanza kujikuna. Kazi ilipokwisha, alinishukuru kwa kunipa CD aliyopewa na rafiki yake, akasema ina michezo na vitu vingine. Michezo ilikataa kufunguka. Kimoja cha vile vitu vingine kikafunguka.

Ilikuwa programu ya kutengenezea muziki, ingawa wakati ule sikujua kitu kama hicho kipo duniani. Upande wa kushoto yalikuwapo majina ya vyombo, moja chini ya jingine: ngoma kubwa, ngoma ndogo, tasa, makofi. Mbele ya kila jina ilikuwapo safu ya visanduku kumi na sita, vimepangwa vinne vinne kwa rangi mbili. Ukikibonyeza kimoja kwa mausi, kinawaka. Ukikibonyeza tena, kinazima. Ukishawasha unavyotaka, unagusa kitufe cha kuchezesha, na hapo taa ndogo inakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, ikifika mwisho inaruka kuanza upya, na kila inapokanyaga kisanduku kinachowaka, chombo kinalia.

Mara ya kwanza niliwasha ovyo, ikatoka kelele kama kabati la vyombo limeanguka. Nikazima vyote. Nikawasha cha kwanza, cha tano, cha tisa na cha kumi na tatu, kwenye mstari wa ngoma kubwa tu. Nikagusa kitufe.

Du, du, du, du.

Sijui nieleze vipi. Mimi, ambaye kwaya ya parokia iliniweka safu ya nyuma na kuniomba nifungue mdomo tu bila kutoa sauti, nilikuwa napiga ngoma na sikosei. Nilikaa na mikono mapajani na ngoma ikaendelea. Nikaongeza makofi kwenye cha tano na cha kumi na tatu, na hapo ndipo kicheko kilipotoka, kile kilichomrudisha yule mama na bahasha yake.

Baba alisimama nyuma ya kiti changu. Tangu aache kiwanda alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatumia kwa wateja. Aliangalia kioo kwa muda mrefu. Nikajiandaa kugombezwa.

"Hicho cha saba," alisema hatimaye. "Kitie wino."

"Kitie nini, Baba?"

"Kiwashe. Ngoma ndogo, cha saba. Na cha kumi na tano."

Nikawasha. Mdundo ukainuka upande mmoja, ukawa na kiuno. Baba akavuta stuli, akaketi, akavaa miwani. Aliwahi kuchora maelfu ya miraba ambayo haikumwambia kitu mpaka kitambaa kitoke kwenye mtambo siku kadhaa baadaye. Sasa aliitia wino na palepale ikamjibu. Tangu siku hiyo, kila tulipokosa kazi ya kuchapa, tuligombania mausi kama watoto wanaogombania kiti cha dirishani.

Programu ilikuwa na ila moja. Ilikuwa ya majaribio, na ilikubali kila kitu isipokuwa kuhifadhi. Ukizima kompyuta, kila ulichotengeneza kimekwenda. Na huo ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, tena mgao usiofuata ratiba yake. Siku moja tulikuwa tumetengeneza mdundo mzuri kuliko yote, una makofi mawili yanayofuatana kama mtu aliyeteleza halafu akajishika. Umeme ukakatika. Tukabaki tunatazama kioo cheusi chenye sura zetu wawili.

Kesho yake Baba alikuja na furushi chini ya kwapa. Yalikuwa ni makaratasi yake ya miraba kutoka kiwandani, ambayo siku ya kuondoka aliomba ayachukue na hakuna aliyeyataka. Akachora safu nne, akaandika ngoma kubwa, ngoma ndogo, tasa, makofi. Kila nilichowasha kwenye kioo, yeye alikitia wino kwenye karatasi. Umeme ukikatika, tunasubiri. Ukirudi, yeye anasoma, mimi nabonyeza: "Ngoma kubwa, moja, nne, saba, kumi na moja." Tulipata kasi ya kutisha. Mwanafunzi mmoja aliyetusikia kutoka nje aliuliza kama tunachezesha bahati nasibu.

Ndipo mama mkubwa alipoteremka kutoka Matombo.

Mama mkubwa ni dada wa kwanza wa mama yangu. Alikuja mjini kuuza ndizi, mdalasini na pilipili manga, na alipomaliza sokoni alipita kazini kwetu kupumzisha miguu kabla ya kwenda nyumbani kulala. Kule kwao ndiye aliyeongoza kina mama wa ngoma kwenye harusi, na kwetu sisi Waluguru, dada mkubwa wa mama akiingia, hata baba wa nyumba anajiweka sawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo anayepiga ni nani?"

"Ni kompyuta, mama."

Akasikiliza, kichwa kimeinama, kisha akasema kwa ile lafudhi yake ya mlimani inayopandisha kila neno la mwisho: "Anapiga kama mtu anayepigilia msumari. Hachoki?"

"Hachoki."

"Basi hajui ngoma."

Nikamwomba anipigie anayoijua yeye, nitamfundisha kompyuta. Akasogeza printa, akapiga ubao wa meza kwa viganja, halafu akachukua kalamu akaongeza mlio mkavu juu yake. Mwili wangu uliujua mdundo ule. Nilikuwa nimeucheza tangu utotoni. Lakini kuuweka kwenye visanduku, loo. Nilijaribu hivi, nikajaribu vile. Mwanzo ulikaa vizuri, katikati ukakaa, ukifika mwisho linabaki pengo, na taa inalipita lile pengo kimya kabla ya kuanza upya. Mama mkubwa alikuwa anainua bega kucheza, anafika pale, bega linabaki hewani.

"Anachechemea," alisema. Alianza kucheka. "Mwambie akae chini, ameumia."

Nikacheka naye mpaka machozi, huku moyoni nimeudhika. Baba hakucheka. Alikuwa amechukua karatasi.

"Shemeji, nipigie tena," alisema. "Polepole. Kama unamfundisha mtu mgumu wa kuelewa."

Akapiga polepole. Baba akatia wino mraba mmoja mmoja, midomo ikihesabu. Akamwomba arudie. Akamwomba arudie tena. Kisha akapiga mstari wima kwenye karatasi, akanigeuzia.

"Angalia. Mchoro wake unajirudia baada ya kumi na mbili. Wewe unamlazimisha kumi na sita. Kiwandani ungefanya hivi, shuka zima lingetoka limepinda."

"Lakini Baba, visanduku ni kumi na sita. Ndivyo walivyotengeneza."

"Walitengeneza mashine. Mashine ina mahali pa kubadilisha."

Hilo alilisema kwa uhakika wa mtu aliyeishi na mitambo. Tukaanza kutafuta. Tulifungua kila kilichofunguka. Kila nilipoona maneno ya onyo nilirudi nyuma, na Baba kila mara aliniambia, "Bonyeza." Mwisho tukaona juu pembeni namba ndogo, 16, imekaa kimya kama haimhusu mtu. Nikaibonyeza kwa kuishusha. Kumi na tano. Kumi na nne. Upande wa kulia wa kioo visanduku vikaanza kupotea, kimoja baada ya kingine, na mama mkubwa akavuta kiti karibu kana kwamba ng'ombe anazaa. Kumi na mbili.

Baba akasoma, nikabonyeza. Nikagusa kitufe.

Ngoma ya Matombo ilitoka katika vispika viwili vidogo kama vikombe vya chai, ikazunguka, ikarudi pale ilipotakiwa kurudi, bila pengo. Bega la mama mkubwa likainuka, likashuka mahali pake. Likainuka tena. Akasimama, akafunga khanga vizuri kiunoni, akaanza kucheza kati ya meza na mlango, sehemu isiyozidi upana wa mkeka. Mimi nikafuata. Baba aliketi palepale, lakini miguu yake chini ya stuli ilikuwa na kazi.

"Harusi ya binti yangu," mama mkubwa alisema akihema, "mtakuja na hii."

Tukawa na wiki tatu. Kupeleka kompyuta Matombo kwa barabara ile ilikuwa ni kuiua, kwa hiyo tuliamua kurekodi kaseti. Waya wa kuunganisha hatukuwa nao. Tukaiweka radio kaseti mbele ya vispika, tukabonyeza kurekodi, tukategemea kipaza sauti chake. Tulikuwa na michoro saba ya kupokezana: wa kuingia bibi harusi, wa kutoa zawadi, wa kina mama, na mingine. Baba alisimama na karatasi, akinipa ishara kwa kidole lini nibadilishe. Niliogopa hata kumeza mate. Dakika ya kumi hivi, mambo yakienda kama maji, mlango ukafunguliwa na sauti ya mwanaume ikasema, wazi kabisa:

"Hodi jamani, mnatoa fotokopi?"

Baba, bila kugeuka, kidole bado kiko juu, akajibu kwa sauti yake ileile: "Hatutoi."

Yule mtu akasema haya, akaenda zake. Tuliangaliana. Kurudia kulimaanisha kusubiri umeme mwingine, na mgao wa siku hiyo ulikuwa karibu. Baba akatikisa kichwa, kidole kikashuka, nikabadilisha mchoro.

Siku ya harusi tulipanda kwa pikapu iliyobeba kreti za soda, Baba ameipakata radio kifuani njia nzima. Misa iliisha saa sita, na watu wakajaa uwanja wa shule pembeni ya misheni. Tuliazima spika za kwaya zinazotumia betri ya gari, pamoja na kipaza sauti tulichokiweka mbele ya radio. Mshereheshaji akatangaza kwamba familia imeleta muziki wa kisasa kutoka mjini. Baba akabonyeza.

Kwanza watu walitafuta ngoma ziko wapi. Niliwaona wakinyoosha shingo kutazama nyuma ya mgomba, nyuma ya meza ya keki. Ngoma yao wanaisikia, wapigaji hawawaoni. Bibi mmoja alikuja mpaka kwenye spika akaipapasa mgongoni. Kina mama wa mama mkubwa walisimama pamoja na ngoma zao mikononi, nyuso ngumu kidogo, kama watu waliokuta kiti chao kimekaliwa. Niliwaza, tumewadhalilisha wenye ngoma mbele ya wageni.

Halafu spika ikasema: "Hodi jamani, mnatoa fotokopi?"

Watu wakageuka kumtafuta mwenye hodi.

"Hatutoi," ikajibu sauti ya Baba.

Kicheko kilianzia kwa wazee waliokaa kwenye madawati, kikazunguka uwanja kama moto wa majani makavu. Bwana harusi alijiinamia mpaka ua la koti likaanguka. Mama mkubwa ndiye aliyefuta machozi kwanza, akaishika ngoma yake, akaingia juu ya mdundo wetu, na wenzake wakamfuata. Hapo ndipo nilipoelewa nini kilikuwa kinakosekana. Kompyuta ilibaki pale pale, kumi na mbili, kumi na mbili, kama ukuta, na wao wakacheza na ule ukuta: wanausukuma, wanauegemea, wanauacha na kuurudia. Nilisahau kuwa mimi ni mtu wa mjini niliyesoma. Nilicheza hadi kiatu kimoja kikabaki kwenye vumbi.

Kaseti ilipokwisha walidai irudiwe, na safari hii sauti ilipouliza fotokopi, watu wote wa harusi ya Matombo, padri akiwamo, wakajibu kwa pamoja: "Hatutoi." Ikarudiwa tena. Mara ya nne betri za radio zikaanza kuishiwa nguvu. Mdundo ukalegea. Kina mama wakalegea nao, kwa makusudi, mabega yanapanda polepole kama watu walio ndani ya maji. Mdundo ukazidi kulegea, wakazidi kuchelewa, mguu mmoja hewani, wanajikaza wasicheke. Yule mteja wetu akauliza fotokopi kwa sauti nzito ya jitu, neno moja moja. Baba akajibu kama ng'ombe dume anayeota. Kisha spika ikazima kabisa, na kina mama wakabaki wamesimama kama picha, mpaka mama mkubwa akapiga ngoma yake pigo moja na uwanja ukalipuka upya.

Nilimtafuta Baba. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, radio magotini, miwani mkononi, anacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Mama yangu aliyekuwa amesimama karibu yake aliniambia tu, "Mwache acheke," akampelekea kiti chenye mgongo.

Habari zilishuka mlimani kabla yetu. Jumatatu tulikuta mtu anatusubiri mlangoni, na wala hakutaka fotokopi. Alitaka mdundo wa kipaimara. Jumatano wakaja vijana wawili wanaochana mistari ya rap, suruali zimewashuka kiunoni, wakaamkia shikamoo kwa adabu na kumwita Baba prodyuza. Baba aliniuliza pembeni maana ya neno hilo. Nilipomweleza, alilifikiria, akasema linafaa. Chini ya TUNACHAPA akaongeza, kwa mwandiko uleule: NA MIDUNDO.

Nilikaa naye miezi miwili zaidi kabla barua ya chuo haijafika. Mteja wa mwisho niliyemhudumia kabla ya kuondoka alikuwa askari, mrefu mpaka aliinama mlangoni, aliyekuja kutoka Ngerengere siku yake ya mapumziko. Alivaa kiraia lakini alisimama kijeshi. Alisema anataka wimbo wa mchumba wake, bila maneno, kwa sababu maneno yanamshinda.

"Ni mtu wa namna gani?" Baba alimuuliza, kalamu tayari.

"Mzuri, mzee."

"Hilo haliingii kwenye karatasi. Anatembeaje?"

Askari akatutazama mimi na Baba, akatazama mlangoni kama kuna mwenzake wa jeshi. Hakuwapo. Akasogeza stuli pembeni, akavuta pumzi, na mtu yule mkubwa akaanza kutembea mwendo wa mchumba wake kutoka ukutani hadi kwenye printa, shingo imenyooka, mkono mmoja ukishika mkoba ambao haukuwapo, akisita kidogo kila hatua ya tatu.

"Rudia," Baba alisema, akitia wino. "Hapo kwenye kusita, rudia."